Nusu ya Ketura

Jumatatu asubuhi Ketura alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya kanisa la Wapresbiteri la Tilford, akikwangua mate ya tumbaku kwa kisu butu. Waumini wa Tilford walikuwa watu wa sala na watu wa kutafuna tumbaku, na hawakuona sababu ya kuacha moja ili wafanye jingine. Upande wa kulia wa ukumbi, walikokaa wenye mashamba ya katani, mate yalikuwa mengi. Upande wa kushoto, walikokaa wenye kinu na wenye maduka, yalikuwa mengi vilevile. Ketura alilijua kanisa lile kwa magoti, na kwa magoti hakuwahi kuona tofauti ya pande hizo mbili.

Asubuhi hiyo alikuta mstari wa chaki umepigwa katikati ya sakafu, tangu mlangoni mpaka mimbarini. Akakwangua upande huu, akakwangua upande ule, na mstari akauacha. Hakuwa ameambiwa aufute.

Mambo yalikuwa hivi. Wapresbiteri wa nchi nzima walikuwa wamekutana wakagombana juu ya utumwa, kama walivyogombana wabunge, na wenye magazeti, na ndugu wa tumbo moja mezani, na safari hii hawakupatana. Wa kusini walitoka nje ya mkutano. Talaka hiyo ilichukua muda kufika Kentucky, lakini ilifika, na talaka ikitoka, vyombo hugawanywa. Watu wengine wa Tilford walimfuata Mzee Galbraith, mwenye karakana ya kamba na watumwa wa kuzisokota, aliyesema utumwa umeandikwa katika Biblia. Wengine walimfuata Mzee Torrance, mwenye kinu cha unga, aliyesema utumwa ni dhambi, ingawa alisaga mahindi ya Galbraith kila mavuno bila kuuliza aliyapalilia nani.

Ketura alikuwa mmoja wa vyombo. Hakuwa mtumwa wa mtu, alikuwa mtumwa wa kanisa. Zamani mjane mmoja, Bibi Dunlap, alipokuwa anakata roho, aliliachia kanisa kikombe cha fedha na msichana Ketura, ili Injili isikauke Tilford. Wazee wakamkodisha kwenye nyumba ya wageni pale gatini afue mashuka ya wasafiri, na ujira wake ukawa mshahara wa mchungaji. Kwa mikono ya Ketura, Mchungaji Lyle alivaa, alikula na alihubiri juu ya neema isiyo na malipo. Hakuwa mtu mbaya. Kila Krismasi alimpa chungwa.

Ketura alikuwa na binti mmoja, Zilpa. Kwa kuwa mtoto hufuata tumbo la mama, Zilpa naye alikuwa wa kanisa. Baba yake aliuzwa kusini kabla mtoto hajaota meno. Sasa Zilpa alikuwa msichana anayeanza kukua, mwembamba, mwenye sauti isiyolingana na mwili wake. Akiwa kule chini mtoni na kapu la nguo, akiita "Mama!" mara moja tu, Ketura alimsikia jikoni, na ng'ombe wa ng'ambo, upande wa Ohio kusikokuwa na utumwa, waliinua vichwa. Ketura hakuwa na kitu kingine duniani alichokiita changu, na hata hicho alikiita kimoyomoyo.

Jumapili iliyotangulia kikao cha kugawana, Ketura na binti yake walikaa roshani, mahali pa weusi, pamoja na Mjomba Ambrose, kama wote walivyomwita, msokota kamba wa Galbraith. Kule chini wazungu walikuwa wakirushiana mistari ya Biblia kuvuka chaki.

"Waache," Ambrose alinong'ona. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

"Na kunguru ni nani hapa, Mjomba?"

"Dada, tazama humu ndani. Unaona wengine weusi?"

Ketura alicheka ndani ya shali yake. Hakuwa mtu wa kuomba makubwa, lakini siku hiyo aliomba: ikiwa hawa wanagombana kwa ajili yetu, Bwana, basi mimi na mwanangu tuangukie upande wa Torrance, waliosema ni dhambi. Wakishatupata, wataona aibu kutushika. Lilikuwa ombi la akili. Alilirudia njia nzima ya kurudi jikoni.

Kikao kilifanyika Alhamisi. Wazee wa Galbraith walikaa kulia kwa chaki, wazee wa Torrance kushoto, na Mchungaji Lyle alisimama juu ya mstari wenyewe, mguu huku mguu huku. Mabenchi yaligawanywa nusu kwa nusu. Vitabu vya zaburi nusu kwa nusu. Jiko la chuma lilikwenda kwa Galbraith na bomba lake la moshi kwa Torrance, hivyo majira ya baridi yote pande zote mbili zilitetemeka, ila zilitetemeka kwa haki. Mimbari ilikatwa kwa msumeno. Kisha wakamwita Ketura, akashuka akasimama mbele yao.

"Na huyu?" alisema Galbraith. "Nyinyi si mmesema ni dhambi? Basi mwacheni kwetu. Dhambi tutaibeba, mabega tunayo."

"Nusu ni nusu, Galbraith," alisema Torrance. "Leo nikikuachia mwanamke, kesho utataka na paa."

"Unataka nimkate kwa msumeno?"

"Sikusema msumeno. Nimesema haki."

Wakabishana mpaka njaa ikawauma, halafu wakakubaliana nusu kwa nusu. Mchungaji aliomba. Waliposema amina, Ketura aliachana. Ilianzia kwenye njia ya nywele, ikashuka puani, kidevuni, kifuani, na haikutoka damu. Nusu yake ya kulia ilibaki imesimama upande wa Galbraith kwa mguu mmoja, na ya kushoto upande wa Torrance kwa mguu mmoja. Mchungaji alizipa nusu zote mbili fimbo kutoka kwenye kapu la miavuli, akauliza jambo linalofuata ni lipi.

Kulikuwa na manung'uniko kidogo tu. Galbraith alilalamika kwamba moyo umekwenda kwa Torrance. Torrance alimjibu kwamba yeye Galbraith ana ini, na ana mkono wa kufulia. Wakaona wametoka sare.

Ketura mwenyewe alihisi ubaridi katikati, kama wa mlango ulioachwa wazi, kisha akauzoea. Alikuwa bado mtu mmoja. Alichokiona kwa jicho moja alikijua kwa la pili, hata nusu zake zikiwa mbalimbali. Ketura wa kulia aliendelea kufua gatini na kukwangua sakafu upande wake, na Ketura wa kushoto alifanya vivyo hivyo upande wa pili, na usiku walilala jikoni bega kwa bega, Zilpa akiwa amewapitishia mkono. Wahenga walisema nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Wahenga hao hawakuwa wamefika Tilford.

Watu wa Torrance waliposikia aibu, kama Ketura alivyotabiri, waliiweka huru nusu yao. Walifanya ibada. Walilia, wakamkumbatia Ketura wa kushoto kwa zamu, kila mmoja akitafuta pa kushika.

"Na mtoto?" aliuliza kwa nusu ya mdomo.

"Mtoto bado hajagawanywa," alisema Torrance kwa upole, akitumia jina ambalo wazungu waliwaitia wanawake weusi. "Kila jambo na wakati wake, Shangazi Ketura."

Kisha ikaja sheria. Kentucky haikumruhusu mtu mweusi aliyeachwa huru kubaki ndani ya jimbo, na sheria haikusema lolote juu ya nusu. Askari wa wilaya alikuja, akafikiri, akasema hawezi kumfukuza Ketura wa kulia kwa kuwa ni mali, wala kumwacha wa kushoto kwa kuwa si mali. Ketura wa kushoto alivushwa kwa pantoni hadi Harmony, kijiji cha ng'ambo upande wa Ohio, nyumbani kwa dada yake Torrance, Bibi Eunice. Huko walimwambia sasa yuko nchi ya uhuru. Walimpa chumba cha nyuma, nusu ya ujira kwa sababu alifua kwa mkono mmoja, na Jumapili walimwonyesha ngazi ya roshani.

Hapo ndipo mhubiri mmoja mpinga utumwa, mtu mwenye ndevu na sauti ya radi, alipopita Harmony akasikia habari. Aliwaka. Alisema mimbarini kwamba watu wa Torrance wamefanya dhambi kubwa kuliko ya Galbraith, maana mtu akipokea mgawo wa binadamu, hata nusu, hata kwa nia ya kumwacha huru, amekiri kwamba binadamu hugawiwa. Torrance alikuwa benchi la mbele. Alirudi Tilford ameinamisha kichwa, na kutoka siku hiyo alikuwa mtu wa dhamiri isiyolala.

Vitu viwili vilikuwa vimebaki kugawanywa: kengele ya kanisa na Zilpa. Viwili hivyo havikukatika, kwa hiyo walikubaliana kwamba upande mmoja uchukue hiki na upande mwingine kile, na kwa kuwa Galbraith alitangulia kuchagua jiko, safari hii Torrance ndiye angetangulia kuchagua.

Ketura aliyajua hayo kwa sikio la kulia. Jumapili Torrance alipokuja Harmony kula kwa dada yake, Ketura wa kushoto alimwekea pai ya tufaha mezani na hakuondoka.

"Bwana Torrance, mchukue mwanangu."

Torrance aliweka uma chini. "Shangazi, nikimpokea nitakuwa nimekiri kwamba anapokelewa."

"Mpokee dakika moja, kisha umwachie."

"Dakika moja ya dhambi ni dhambi."

"Mimi mlinipokea."

"Na tumetubu."

"Mmetubu kuniweka huru?"

"Tumetubu namna tulivyokuweka huru. Ni jambo gumu kulieleza, Shangazi."

"Halieleweki kwa kuwa ni gumu, Bwana, au kwa kuwa halina maana? Ukichagua kengele, Galbraith atamchukua Zilpa. Unajua watu wanaouzwa wanakwenda wapi. Unaona stima zikipita. Mimi sikuombi uhuru wako, wala maombi yako. Nakuomba uchafuke mikono kidogo tu, kwa ajili ya mtoto."

Torrance alilia. Machozi yake yalikuwa ya kweli, hakuna atakayemsingizia. Yalidondokea kwenye pai, na baada ya muda akauchukua tena uma akaila pai, kwa kuwa dada yake alikuwa anamtazama. Alhamisi iliyofuata, mbele ya wazee wote, alisimama akasema kwamba watu wake hawawezi kupokea binadamu kama mali. Wakachukua kengele.

Sasa kanisa likawa na ukuta wa mbao uliofuata mstari wa chaki, na ibada mbili kwa saa moja. Kila mara Galbraith na watu wake walipofika kwenye mahubiri, upande wa pili waliipiga kengele kwa nguvu na kwa furaha, mpaka Mchungaji Lyle, aliyekuwa amebaki kulia kwa kuwa huko ndiko kulikobaki mkono wa kumlipa, akawa anahubiri kwa ishara. Maneno yalitoka kanisani yakaingia mtaani. Farasi wa Torrance alikutwa amekatwa mkia. Lundo la katani la Galbraith likashika moto bila radi. Watu waliozika pamoja walianza kuzika mbalimbali.

"Kanisa lisilo na kengele ni ghala," alisema Galbraith. Akamuuza Zilpa kwa mfanyabiashara wa kusini ili wanunue kengele.

Stima iliondoka gatini Jumatano, jua limewaka. Ketura wa kulia alimshika binti yake kwa mkono wake mmoja, naye mfanyabiashara alikuwa na miwili. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi haumzuii pia. Ule mkono wa pili ulikuwa ng'ambo, umeinuliwa juu kwenye ukingo wa Harmony, na stima ilipita katikati ya mikono hiyo. Zilpa alikuwa sitahani, amefungwa pamoja na mwanamke mwingine. Aliita "Mama!" akitazama Kentucky. Akageuka, akaita "Mama!" akitazama Ohio. Hakujua atazame wapi, akawa anageuka hivi na hivi mpaka stima ilipopinda kona. Ketura alihisi moyo wake ukipasuka kule upande wa uhuru, na upande wa utumwa hakuhisi kitu, palikuwa patupu, na patupu ndipo palipouma zaidi.

Kengele mpya ilikuja kabla ya majira ya baridi. Ilikuwa kubwa kuliko ya Torrance. Ambrose ndiye aliyesokota kamba yake, na kuipiga ikawa kazi ya Ketura, kwa maana kazi zote za kanisa zilikuwa zake. Jumapili ya kwanza watu wakiwa wamesimama uwanjani na kofia zao bora, alivuta kamba.

"Mama!" iliita kengele.

Akavuta tena. "Mama!"

Ilikuwa sauti ya Zilpa, ileile ya kuvusha mto. Ng'ombe wa ng'ambo waliinua vichwa. Mchungaji Lyle alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema ina sauti tamu. Galbraith alisema inapaswa kuwa tamu, kwa gharama ile. Waliingia ndani, wakaimba zaburi.

Tilford waliizoea. Mabibi walipangia mkate wa mahindi kwa kengele: unatiwa jikoni kwenye Mama ya kwanza, unatolewa kwenye Mama ya pili. Watu wa Torrance walikiri kwamba inawashinda kwa sauti, wakaingia katika hesabu ya kutafuta kubwa zaidi. Huko kusini, rafiki mmoja wa Ambrose, mchochea moto wa stima, alimwona Zilpa kwenye shamba moja la pamba chini ya mji wa Natchez. Anafanya kazi vizuri, alisema, ila hana sauti. Anafungua mdomo hakitoki kitu. Bwana wake anamsifu kwa wageni kwamba ni mtulivu.

Baada ya kusikia hayo, Ketura wa kulia alianza kupiga kengele siku za kazi. Alipiga Jumanne, akapiga Ijumaa adhuhuri, polepole, kwa kuvuta kidogo tu, ili sauti isitoke kwa ukali wa Jumapili bali kwa namna mtoto anavyoita akiwa na usingizi. Kule Harmony, Ketura wa kushoto aliacha kufua akasimama mlangoni. Wiki ya pili Galbraith alifunga mlango wa mnara kwa kufuli, akawa anaufungua Jumapili tu.

Ambrose alimkuta ameketi kwenye ngazi ya mnara.

"Vuka, dada," alisema. "Mto ukiganda mimi nitakushika. Nusu yako iko huko, ina chumba, ina sufuria. Mtakuwa mtu mzima tena."

"Wataitwa wenye mbwa wa kuwinda watoro, Mjomba. Sheria inawaruhusu kunifuata mpaka mlangoni pa Kanada."

"Watakufuata nusu. Na mbio zako ni za mguu mmoja, watadhani ni sungura." Alisubiri acheke, hakucheka. "Kuna nini hapa cha kukuzuia? Mtoto hayupo."

"Nani atavuta kamba?"

"Kamba? Dada, mimi nasokota kamba tangu nikiwa na meno yote. Nimesokota za meli, za ng'ombe, za kunyongea watu. Sijaona kamba yenye mtoto mwisho wake."

"Hii inaye," alisema Ketura.

Ambrose alikaa ngazi ya chini yake. Mwaka huo mto uliganda vizuri, ukabeba magari ya kukokotwa, na usiku mmoja Ambrose alivuka peke yake. Ketura wa kushoto alimpa uji wa moto Harmony, akamwonyesha njia ya kaskazini.

Nchi nayo ilikuwa inafanya kama kanisa la Tilford lilivyofanya, ila kwa ukubwa. Ilipigwa kura, rais akachaguliwa, na majimbo ya kusini yakaanza kutoka moja moja, kila moja likitaka mgawo wake wa ngome na maghala. Watu walilia mabungeni. Kila upande uliapa kwamba una dhamiri. Ketura, aliyeyasikia magomvi hayo kwa masikio ya pande zote mbili, alikuwa amekwisha kuacha kujihesabu kuwa kunguru. Alijiona ni jani ambalo panzi wamelikalia.

Vita vilipoanza, wana wa Galbraith walikwenda kusini na wana wa Torrance kaskazini. Jeshi la kusini lilikuwa na upungufu wa shaba likaomba kengele za makanisa. Galbraith alikuwa wa kwanza kutoa yake, na magazeti ya upande wake yalimsifu. Waliishusha kwa kamba za Ambrose. Ilipogonga gari la ng'ombe iliita mara moja, na Ketura wa kulia, aliyekuwa amesimama na fagio, alikwenda nyuma ya gari lile kwa fimbo yake mpaka mwisho wa mji, hapo wakamrudisha.

Mwaka wa pili wa vita ilirejea imeyeyushwa ikawa mzinga. Jeshi la kusini lilipanda mpaka Tilford, likapiga kambi vilimani, na askari wakalala kanisani. Ukuta wa mbao waliuchanja kuni, na chini yake mstari wa chaki ulikuwapo bado. Mzinga waliusimika kwenye ukingo wa mto, mdomo ukitazama Harmony, wakaujaza baruti.

"Mama!" uliita mzinga, na ng'ambo paa la stoo ya chumvi likaruka.

Wapiga mizinga waliziba masikio, kama ilivyo desturi ya kazi yao. Watu wa Harmony waliingia kwenye mashimo ya kuhifadhia viazi. Bibi Eunice alimpigia kelele Ketura wa kushoto aingie naye, lakini yeye alikwenda ukingoni kwa fimbo yake, akasimama mahali aliposimama siku ya stima. Alisimama hapo siku nzima. Kila mzinga ulipoita, aliitika "Nipo," na kombora likapita juu yake likaangukia nyumba za watu. Jioni alikuwa hajaguswa na alikuwa amepoteza sauti.

Kabla ya wiki kwisha, askari wa kaskazini walivuka kwa mashua alfajiri, wakauteka mzinga ule, wakauvusha kwa pantoni hadi Harmony. Waliuchunguza wakaona ni mzuri, hauna ufa. Torrance alikuwapo. Siku hizo aliliuzia jeshi unga, na alikuwa amefunga begani utepe wa bluu, rangi ya jeshi la kaskazini.

Ketura wa kushoto alimwendea. Askari walikuwa wanausafisha mzinga kwa maji ya mto.

"Bwana Torrance, ule ni mwanangu."

"Najua, Shangazi. Kila mtu anajua."

"Basi nipeni."

"Tuko vitani." Torrance alimtazama kwa huruma kubwa. "Na vita vyenyewe, Shangazi Ketura, ni kwa ajili yako."

"Nilikuomba alipokuwa mtoto," alisema Ketura. "Alikuwa mwepesi. Angebebwa na mtu mmoja tu."

Torrance alivua kofia. Alikuwa mtu wa kuvua kofia. Kisha nahodha alimwuliza jambo la magunia ya unga, akageuka kumjibu, na askari wakaugeuza mzinga mpaka mdomo wake ukatazama Kentucky.

Ng'ambo, katika kanisa la Tilford, Ketura wa kulia alikuwa amepiga goti lake moja sakafuni. Askari wa kusini waliolala humo walikuwa watu wa sala na watu wa kutafuna tumbaku. Alikuwa amemaliza upande wa kulia.

"Mama!" iliita sauti kutoka upande wa uhuru, na vioo vya madirisha vikamwagika ndani.

Ketura aliweka kisu chini. "Nipo, mwanangu," aliitika, kwa nguvu, kama mtu anayeitika kutoka jikoni. Alisubiri. Vumbi lilipotulia alikiokota kisu, akavuka mstari wa chaki, akaanza kukwangua upande wa kushoto.